Kisanduku hakishushi faktiri ya moto, tudai kompteri

Vile visanduku vyeupe vyenye taa ndogo ya kijani, ambavyo muuzaji anasema ukichomeka kimoja ukutani faktiri ya moto itashuka kwa nusu, havishushi kitu. Naanza na jibu ili aliye na haraka, na aliyekwisha kutoa feza mfukoni pale sokoni Sange au Uvira, asome mstari huu mmoja na azirudishe. Aliye na nafasi tuendelee pamoja, kwa sababu nyuma ya kisanduku kuna swali kubwa zaidi: faktiri yenyewe inahesabiwa namna gani, na nani anamlipia nani.

Mtu wa bondeni atacheka kwanza. Lemera na faktiri ya moto wapi na wapi? Ni kweli, huku juu nyumba nyingi hazina waya hata mmoja. Tunaangaziwa na pano ndogo za jua, tochi na simu. Lakini ni familia chache za hapa zisizo na mtu Uvira. Mtoto anasoma, amepanga chumba Kasenga au Mulongwe. Dada ameolewa Kavimvira. Shangazi anauza ndagala Kalundu. Mwisho wa mwezi simu inapanda mlima: baba, kodi, baba, moto. Ndipo gunia la maharagwe au mikungu miwili ya ndizi inashuka kwa pikipiki kwenda kulipa moto ambao mlipaji hauoni. Kwa hiyo faktiri ya Uvira ni habari ya Lemera pia, na anayemuuzia mtoto wetu kisanduku cha bure amekula maharagwe yetu.

Vinauzwa kwa majina mengi na kwa njia nyingi: sokoni, kwa WhatsApp, mkononi mwa kijana aliyevuka kutoka Bujumbura na begi. Ahadi ni ileile. Kinasafisha moto, kinatuliza moto, kinapunguza faktiri kwa asilimia 30, 40, hata 50. Ukikifungua (usikifungue kikiwa ukutani, tafadhali) utakuta kibao chembamba cha waya, hiyo taa ya kijani, na kidude kimoja cheusi au cha njano ambacho mafundi wanakiita kondensateri. Mara nyingi hakuna kingine.

Kondensateri si kitu cha uongo. Ni kijichombo kinachopokea umeme kidogo na kuurudisha, kinapokea na kuurudisha, mara nyingi katika sekunde moja. Kina kazi yake ya kweli, na ni kwa sababu hiyo muuzaji anaweza kuzungumza kama mwalimu wa fizikia na watu wakamwamini. Tuchukue mfano wa Fuso inayopanda kutoka bondeni kuja sokoni kwetu. Ndani kuna abiria wa aina mbili. Wengine wanapanda, wanashuka Lemera, wanafanya kazi iliyowaleta. Wengine wanapanda, hawashuki, wanarudi na gari lilelile, kesho wanapanda tena. Hawa wa pili wanajaza gari na kuchosha barabara, ila huku hawafanyi kazi yoyote. Sasa weka mtu wa barieri anayetoza kwa kila abiria aliyeshuka tu. Wale wanaozunguka hawamo katika hesabu yake.

Moto nao uko hivyo. Frigo, feni, pampu ya maji, mashine ya kusaga mihogo, kila kitu chenye mota, kinavuta moto unaofanya kazi na moto mwingine unaokwenda na kurudi tu kwenye waya. Kompteri ya nyumbani ndiyo huyo mtu wa barieri: inahesabu moto uliofanya kazi, yaani kilowati-saa, na ule wa kuzunguka inauacha upite. Kisanduku, kikifanya kazi vizuri kabisa, kinawapa hao wazungukaji kigari chao kidogo ndani ya nyumba ili wasijaze Fuso. Vema kwa barabara. Lakini hawakuwa wakitozwa toka mwanzo, kwa hiyo hakuna feza inayorudi kwako.

Tena resho, pasi, na zile ampuli za zamani zinazotoa joto hazina wazungukaji hata kidogo. Kila moto unaoingia unageuka kuwa joto. Na ndivyo vitu vinavyokula moto zaidi katika nyumba zetu. Mbele ya resho, kisanduku hakina hata mtu wa kumpakia.

Kwenye viwanda mambo ni tofauti. Kiwanda chenye mota kubwa nyingi kinajaza waya kwa huo moto wa kuzunguka, na kampuni nyingi za umeme duniani zinawatoza wateja wakubwa wa namna hiyo nyongeza maalumu. Huko wanaweka kondensateri kubwa kama kabati, zilizopimwa na mafundi, na wanaokoa feza kweli. Muuzaji amechukua ukweli wa kiwanda akaubeba mpaka chumba cha mwanafunzi mwenye ampuli mbili. Marekani ambako biashara hii ilikwisha kupita kabla yetu, taasisi ya serikali inayoshughulikia vipimo, NIST, ilitoa maandishi mwaka 2009 kueleza jambo hilohilo: nyumbani, ambako mtu analipa kwa kilowati-saa, kifaa hicho hakishushi faktiri.

Kuna onyesho ambalo limewaangusha wengi, hata watu waliosoma. Muuzaji analeta feni au mota ndogo, anabana waya kwa kipimo cha ampere, watu wanaiona namba. Anachomeka kisanduku. Namba inashuka palepale, watu wanapiga makofi. Hajadanganya macho yao; ampere zimeshuka kweli, kwa sababu wazungukaji wametoka kwenye ule waya. Ila faktiri haihesabu ampere. Ukimwomba aonyeshe onyesho hilohilo kwa resho, au mbele ya kompteri, atakumbuka kwamba ana safari.

Mwenye kompteri nyumbani hana haja ya kuniamini mimi wala muuzaji. Kompteri za siku hizi zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni pameandikwa namba kama 1000 au 1600 na herufi imp/kWh. Maana yake, taa ikipepesa mara 1000 (au 1600) umekula kilowati-saa moja. Zima kila kitu. Washa resho moja tu. Hesabu taa inavyopepesa kwa dakika tano. Kisha chomeka kisanduku, hesabu dakika tano nyingine. Kichomoe, hesabu tena. Resho ya wati 1000 kwenye kompteri ya 1000 itatoa karibu mara 83 kwa dakika tano, kisanduku kiwepo kisiwepo. Jaribu usiku wa manane au asubuhi mapema, moto ukiwa umetulia. Ukijaribu saa moja jioni, wakati moto unashuka mpaka ampuli zinakuwa rangi ya chungwa, namba itabadilika yenyewe: kwa volti 180 resho ileile haitoi hata 60, na chakula kitachelewa kuiva. Hiyo si kazi ya kisanduku. Ni kabini imechoka.

Nimesema "mwenye kompteri". Hapo ndipo penye uzito, kwa mawazo yangu, kuliko habari zote za kondensateri.

Nyumba nyingi za wateja wa SNEL katika nchi hii hazina kompteri. Zinalipa forfe, bei moja ya kila mwezi iliyowekwa kwa kukadiria nyumba ni ya aina gani, si kwa kuhesabu ilitumia nini. Sasa mweleze mtu huyo kisanduku kitashusha kitu gani. Hata kama kingekuwa na nguvu za miujiza, hata kama kingekata matumizi yako kwa nusu usiku uleule, faktiri ya forfe haijui. Ungezima kila kitu ukalala gizani mwezi mzima, karatasi ingekuja na namba ileile. Malalamiko ya watu kulipia moto ambao haukufika yanasikika kutoka Kinshasa hadi Bukavu, na yanatokana na mzizi huo: palipo na forfe hakuna anayepima, si anayeuza wala anayenunua. Kumuuzia mtu wa forfe kifaa cha kupunguza matumizi ni kumuuzia mwavuli mtu aliye ndani ya kisima.

Nimeuliza katika simu zangu za Uvira ni nani kati ya walionunua kisanduku ana kompteri. Wengi walikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, na mmoja akacheka kwa nguvu, kwa sababu hajawahi hata kuwaza kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana.

Tazama forfe inavyogawa mzigo. Katika avenyu moja kuna mama mjane mwenye ampuli mbili na simu ya kuchaji. Nyumba ya pili ina frigo, kongelateri ya kuuzia barafu na samaki, resho mbili zinazowaka toka asubuhi, na kijana wa saluni aliyeunga waya dirishani. Wakiwekwa katika kundi moja, wanalipa sawa. Mama anamlipia jirani barafu. Simlaumu jirani, akiwa na resho ambayo kuizima hakumpunguzii franka hata moja, kwa nini aizime? Anaiacha iwake ili isimsumbue kuwasha tena, wakati gunia la makala linazidi kupanda bei. Ni hesabu ya akili kabisa. Ila nyumba mia moja zikifanya hesabu hiyohiyo chini ya kabini moja, saa moja jioni moto unashuka, mota ya frigo inahangaika kuanza na mwisho inaungua, na usiku mmoja kabini yenyewe inapasuka. Halafu kartie nzima inachanga feza kuitengeneza, na mjane naye anachanga.

Palipo na forfe, mtu anayepunguza matumizi haoni faida mfukoni mwake. Faida inakwenda kwenye ampuli ya jirani. Si jambo baya, ni tendo la ujirani, lakini huwezi kujenga mji kwa kutegemea kila mtu atazima resho yake kwa ajili ya upendo. Ndiyo maana nasema kisanduku kinachotufaa ni kile kinachohesabu. Kompteri.

Moto wenyewe si mwingi wa kuchezea. Kivu yetu ya Kusini inategemea mto Ruzizi. Ruzizi I, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ina uwezo wa karibu megawati 30. Ruzizi II, ya mwaka 1989, ina karibu 44, na hizo zinagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Inga I na Inga II, ambazo kila mtoto wa shule anazitaja kwa fahari, ziko upande mwingine wa nchi. Waya wake mkubwa unakwenda Kolwezi kwenye migodi, haupiti kwetu. Ruzizi III tumeisikia ikisemwa kwa miaka mingi. Na mashine zilizopo zimekuwa zikizibwa na chupa na mifuko ya plastiki inayoshuka kutoka ziwa Kivu, mpaka mafundi wanazisimamisha kuzoa taka. Kwa hiyo wati moja iliyookolewa Uvira si kitu cha kudharau.

Na inawezekana kuokoa nyingi, bila uchawi. Uganda, wakati ziwa Viktoria liliposhuka katikati ya miaka ya 2000 na moto ukapungua, serikali iligawia watu mamia ya maelfu ya ampuli zinazokula kidogo badala ya zile za zamani. Matumizi ya saa za jioni yakapungua kwa karibu megawati 30. Linganisha na namba ya juu: ni kama kupewa Ruzizi I nzima, kwa ampuli tu.

Kwa hiyo aliye na kompteri na anataka faktiri ishuke, aanze na ampuli. Ampuli ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila jioni inakula kilowati-saa 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga uleule, haifiki moja na nusu. Nyumba yenye ampuli tano itaokoa kilowati-saa 38 kwa mwezi, kila mwezi. Tuseme kisanduku kinauzwa dola 10: kwa feza hizo utapata ampuli za LED kadhaa na chenji ya ndagala. Nunua zile zenye wati zilizoandikwa, na usichukue ya bei ya chini kabisa, maana nyingine zinakufa kabla mvua haijakatika.

Baada ya ampuli kuna joto. Kitu chochote kinachochemsha au kukausha ndicho kinachokula. Resho ya wati 1000 saa tatu kwa siku ni kilowati-saa 90 kwa mwezi, zaidi ya vitu vingine vyote vya nyumba ndogo vikijumlishwa. Maharagwe yakilowekwa usiku yanaiva upesi, na sufuria yenye mfuniko inapunguza zaidi. Mama zetu walijua hilo kabla ya waya kufika. Pasi, piga nguo zote siku moja badala ya shati moja kila asubuhi. Kuchemsha ndoo ya lita 10 ya kuoga kunakula karibu nusu kilowati-saa, na watu watano ni mbili na nusu kila siku; jua la Uvira linaweza kuifanya kazi hiyo bure kwa bidoni jeusi lililowekwa juu ya mabati. Frigo, angalia mpira wa mlango: weka karatasi, funga, uivute, ikitoka bila kushikwa, baridi inatoka pia. Simu ambayo watu wanagombana juu yake, eti nani amechaji sana, haifiki nusu kilowati-saa kwa mwezi. Acheni watoto wachaji simu.

Kuna pia wanaonunua kisanduku si kwa faktiri ila kwa sababu muuzaji alisema kinatuliza moto na kulinda televisheni. Hakitulizi. Kinachotuliza ni stabilizateri, ile nzito yenye chuma ndani, na hiyo ukiibeba mkono unajua umebeba kitu. Kisanduku chepesi kama kiberiti hakiwezi kupandisha volti 160 kuwa 220.

Nirudi kidogo huku juu kwa watu wa pano, kwa sababu visanduku vimeanza kupanda mlima navyo. Wapo wanaodanganywa kwamba ukikichomeka kwenye konvertiseri betri itadumu zaidi. Ni kinyume. Konvertiseri nyingi za bei ndogo hazitoi moto laini kama wa Ruzizi. Moto wake unaruka kama ngazi, na kondensateri ikiwekwa kwenye moto wa namna hiyo inavuta kwa nguvu, inapata joto, inaweza kuungua na kuiharibu konvertiseri yenyewe. Katika nyumba ya mbao na majani, au yenye godoro la sponji karibu, hilo si jambo la feza tena. Kama umekinunua tayari, usikiweke kabisa kwenye konvertiseri.

Mwizi wa kweli wa betri huku kwetu ni konvertiseri iliyoachwa wazi usiku na mchana bila kazi. Pano ya wati 50 siku ya jua zuri inatoa kama wati-saa 200. Konvertiseri inayojilia wati 8 ikiwa bure, kwa saa 24, ni wati-saa 192. Yaani pano yako yote imefanya kazi siku nzima kuilisha konvertiseri, na usiku unalia kwamba betri ni mbovu. Tumia ampuli za volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, chaji simu mchana jua likiwapo, na konvertiseri iwashwe kwa saa ya televisheni tu, kisha izimwe kwenye swichi yake.

Najua kompteri haipendwi na wote. Kuna wanaosema, na wana haki ya kusema, kwamba ikija bei itapanda na sisi wa resho tutarudi kwenye makala. Goma, ambako kuna moto wa mto kutoka Matebe unaouzwa kwa kompteri za kulipia kwanza, watu wengine wanalalamika kwamba unit zinaisha upesi. Bujumbura nao, ng'ambo ya Gatumba, wanajua mlio wa Cash Power ikikaribia sifuri usiku. Kompteri inakuonyesha kile ulichokuwa unakila bila kukiona, na kukiona kunauma. Mwenye resho mbili na kongelateri atalipa zaidi kuliko leo, sitamficha. Lakini mjane wa ampuli mbili atalipa kidogo, na mwanafunzi wa Kasenga atalipa cha mwanafunzi. Kama tunaogopa makala, na tuogope, kwa sababu milima ya huku inaonyesha wazi miti imekwenda wapi, basi tudai kilowati-saa za kwanza za kila nyumba ziwe za bei ndogo, zitoshe kwa mwanga na chungu kimoja cha maharagwe. Hilo linawezekana palipo na kompteri. Palipo na forfe haliwezekani, kwa sababu hakuna anayejua za kwanza ni zipi na za mwisho ni zipi.

Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungua mlango ili kampuni nyingine pia ziruhusiwe kuzalisha na kuuza moto, na ndiyo maana leo huko Goma mtu anaweza kuchagua. Uvira hatuna haja ya kungoja mpaka tupate kampuni ya pili ndipo tuombe haki ya kupimiwa tunachonunua. Hakuna mama anayekubali kununua mafuta ya mawese kwa kukadiriwa kulingana na ukubwa wa nyumba yake. Analeta chupa, yanapimwa. Wakubwa wa kartie na vyama vya vijana wanapokutana na SNEL kila mara kabini inapoungua, mkutano huwa juu ya kabini tu: nani atachanga, waya wa shaba utatoka wapi. Kwenye mkutano huohuo waombe kwa maandishi tarehe ya kompteri, kabini kwa kabini, nyumba zote za kabini moja kwa wakati mmoja, si nyumba za wanaojuana. Na bei ya kuiweka iandikwe ukutani kwenye ofisi, isiwe siri kati ya mteja na fundi.

Mpaka siku hiyo, wenye kompteri tayari, Uvira, Bujumbura au Goma, na wenye kisanduku mkononi, wafanye lile jaribio la resho na dakika tano. Andikeni namba tatu, pasipo kisanduku, pamoja nacho, na pasipo tena, pamoja na saa mliyohesabu, mtume kwa jamaa zenu walio huku au mniletee mnapopanda siku ya soko. Nitazichapa hapa zote kama zilivyo, hata zile za muuzaji akitaka kuleta zake.